Ndinga za Umeme: Skrini Kubwa Sio Ubunifu Jamani!

Siku hizi staa akivuta ndinga ya umeme, posti ni ile ile: skrini kubwa kama tv ya sebuleni, vitasa vya milango vinavyojificha, taa zinazocheza muziki. Chini mashabiki wanajaza vimoto na kuandika "teknolojia imefika". Imefika wapi sasa?

Ukweli usemwe. Gari la umeme lenyewe sio jipya. Mwaka 1900 yalikuwa yanakatiza mitaani kule Marekani, baadaye yakapigwa bao na ya petroli yaliyokuwa bei chee na yanafika mbali. Kwa hiyo ubunifu kwenye soko hili ni kile kinachoondoa sababu zilizoyaangusha: bei, umbali na muda wa kuchaji. Basi.

Na hapo kazi imefanyika kweli, tatizo haipigwi picha. Mwaka 2010 betri ilikuwa zaidi ya dola 1,000 kwa kila kilowati-saa, mwaka 2024 wastani ukashuka mpaka dola 115. BYD ya China ikaja na betri ya Blade mwaka 2020, ya chuma na fosfati, haina kobalti, yale madini yanayotoka kwa wingi Kongo. Kwa uzito ule ule haibebi umeme mwingi kama za nikeli, ila ni nafuu na haishiki moto kirahisi. Kwa macho ni vipande virefu vilivyopangwa tu. Nani ataipa laiki?

NIO nao wana vituo ambavyo gari linaingia na betri iliyoisha, linatoka na iliyojaa ndani ya dakika chache. Kigali na Nairobi madereva wa pikipiki za umeme wanabadilisha betri hivyo hivyo na kurudi kusaka abiria. Huyo dereva hana wafuasi milioni, lakini ndiye anayetumia ubunifu wenyewe.

Vitasa vya kujificha vinapendeza, sawa. Umeme ukikata baada ya ajali, anayekuja kukuokoa atashika wapi?

Sasa kijana wa Manzese amepanga chumba kimoja, nyumba ina wapangaji sita na luku moja. Atachomekea wapi hiyo ndinga, na mama mwenye nyumba anamwangalia? Atakayejibu swali hilo ndiye mbunifu. Wengine wote wanauza tv yenye matairi.

Mdau unasemaje? Dondosha komenti yako hapo chini.