Kuchuja orodha si kufuta majina

Mfano ni rahisi. Orodha ya wahami wa Kivu Kaskazini iko ndani ya Excel, mistari 500. Karani akichuja wale 120 wa Masisi, wengine wanafichwa tu, hawafutwi. Fomula COUNTA itaendelea kutoa 500. SUBTOTAL yenye namba 103 itatoa 120, kwani inahesabu mistari inayoonekana peke yake. Lakini chujio likisahauliwa, hiyo 120 itasomwa kama hesabu ya jimbo lote.

Kosa la kwanza linapeleka unga mahali pasipo walaji. La pili linaacha familia na njaa. Mashirika ya misaada yanapaswa kuandika kando ya kila jumla: ni wahami wa wapi, kati ya wangapi. Bila hivyo, lori lisiondoke.