Usimwahidi mtoto siri usiyoweza kuitunza

Vijana wa ustawi wa jamii wanaokuja wilayani kwetu kwa mafunzo kwa vitendo wameiva kwa nadharia. Watakutajia bila kusita kanuni 7 alizoziandika padre Felix Biestek wa Marekani mwaka 1957, zikiwemo kumpokea mteja alivyo, kutomhukumu, kumwachia aamue mwenyewe, kutunza siri. Hiyo ya siri ndiyo inayoninyima usingizi. Biestek mwenyewe aliiwekea mpaka, lakini wengi wanaikariri nusu.

Binti wa miaka 13 amekaa mbele yako, anakunja na kukunjua pindo la sketi ya shule. Anauliza, "Anti, hutamwambia mtu?" Huruma inakusukuma ujibu, "Simwambii mtu, mwanangu." Punde anamtaja mjomba wake. Umekwama. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 inamtaka hata jirani mwenye taarifa kwamba haki ya mtoto inavunjwa aifikishe serikali za mitaa, sembuse wewe afisa. Ukinyamaza, umemrudisha kwa mjomba. Ukiripoti, ameona mtu mzima mwingine kamdanganya, na akifikishwa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi huenda asifungue mdomo tena.

Mwambie mapema, kabla hajaanza kusimulia: "Ukiniambia kuna mtu anakuumiza, itabidi niwaeleze watu wanaoweza kukusaidia. Nitakwambia kwanza ni akina nani." Wenzangu wengine wanahofu maneno hayo yatamfunga mdomo. Wapo kweli wanaonyamaza, siku hiyo. Usimbane. Mpe maji, mwambie unapatikana saa ngapi, mwambie namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto inapigwa bure. Mtoto anayejua utayapeleka wapi maneno yake ana sababu ya kurudi.

Lakini hata afisa hodari atashindwa akiwa amewekwa chumba kimoja na idara nyingine. Nimemwona mama aliyekuja kudai matunzo ya mtoto akikatisha maelezo kila mhudumu alipoingia na mafaili, mwishowe akasema tu, "Nitakuja siku nyingine, mama." Alikuwa ametembea kutoka kijijini na mtoto mgongoni.

Wakurugenzi wa halmashauri, nawaomba: mtakapogawa vyumba, afisa ustawi wa jamii apewe chake, hata kiwe kidogo, mradi kina viti viwili na mlango unaofungika.