Taa ya Nyuma Si Pambo



Msimu wa karafuu haufungwi na jua. Jioni wachumaji hurejea, usiku uchambuzi huendelea, na Landrova au lori hurudi kinyumenyume hadi ukingoni mwa uwanja wa kuanikia. Nyuma yake wamo akina mama wanaotenga karafuu na makonyo, na watoto waliopitiwa na usingizi juu ya majamvi. Dereva haoni kitu ila wekundu wa taa zake mwenyewe.

Maoni yetu ni haya: kila mwenye motokaa ya shamba aifunge taa za ziada za nyuma kabla ya mavuno, na gharama iwe juu yake mwenyewe, si juu ya ujira wa dereva.

Wako wasemao kuwa utingo na tochi wanatosha. Hatukubali. Utingo husimama pale pale penye hatari, na dereva huiona tochi, hamwoni mtoto. Utingo abaki, lakini aongezewe mwanga.

Na tuwatazame wenzetu wa Ziwa Tanganyika. Kigoma na Ujiji, mji ambao watu wa Unguja waliujua tangu siku za misafara ya pembe na watumwa, ni nchi ya kazi ya usiku. Zamani wavuvi waliwavuta dagaa kwa moto wa kuni mtumbwini. Kisha zikaja karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za LED za betri. Mwezi ukiwa mpevu hupumzika, maana mwanga wa taa hushindwa na mwanga wa mwezi. Kwao taa ni chombo cha kazi kama wavu, na huelekezwa majini kwenye kazi, si machoni mwa jirani. Nasi tufanye vivyo hivyo: taa ya nyuma iinamishwe chini, imulike ardhi.

Sasa juu ya ufungaji. Kosa kubwa ni kuunganisha taa mpya moja kwa moja na waya wa taa ya rivasi. Balbu ya kawaida ya rivasi ni ya wati 21, nayo kwa betri ya volti 12 hula ampea zisizofika 2. Taa mbili za wati 55 hula ampea 9 na zaidi. Swichi ndogo ya kwenye giaboksi haikuundwa kwa mzigo huo. Itaungua, au waya utapata moto. Na motokaa iliyopakia magunia ya karafuu kavu si mahali pa kujaribu moto.

Kwa hiyo itumike rilei. Waya wa rivasi uende namba 86, na namba 85 iende bodi. Namba 30 ipokee umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, na fyuzi hiyo ikae karibu sana na betri. Namba 87 ipeleke umeme kwenye taa. Waya uwe wa milimita 2.5 za mraba, na kila upitapo kwenye tundu la bati uvishwe mpira, usije ukakatwa na mtikisiko wa njia zetu. Waya wa bodi ufungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi na kutu.

Taa ya kupakilia iwe na rilei, fyuzi na swichi yake peke yake, na kitaa kidogo mbele ya dereva cha kumkumbusha kuwa inawaka. Taa nyeupe ikiachwa inawaka nyuma barabarani humpofua anayefuata. Tena ikiwashwa injini imezimwa, taa mbili hizo zitaimaliza betri ya ampea-saa 60 kwa muda wa saa 6 hivi, na motokaa itakataa kuwaka mapema kabla ya hapo.

Asiyejua umeme amwite fundi, lakini asimame aone fyuzi imewekwa wapi. Gunia la karafuu likimwagika huzolewa. Mtu aliyekanyagwa hazoleki. Tahadhari kabla ya athari.