Mazungumzo ya Nyumbani: Motakaa Chini ya Mwembe



Baadhi yenu mmeniuliza swali hili: fedha ikiwa ndogo na haja zikiwa nyingi, mtu aanzie wapi? Leo nawajibu kwa habari iliyonipata mimi mwenyewe hapa Kihonda. Ni habari ya motakaa mbovu. Walakini asiye na motakaa asiufunge ukurasa huu, maana kosa nililolifanya mimi kwa motakaa, mwingine hulifanya kwa nyumba, na mwingine kwa arusi.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na Land Rover ya kubebea mizigo, ya mwaka 1969, ile ndefu ambayo kati ya ekseli na ekseli ina inchi 109. Kwa miaka mingi alipanda nayo milima ya Uluguru, akishusha kabichi na viazi kutoka Nyandira. Alipougua aliiegesha chini ya mwembe uani kwake, na hapo ikakaa miaka tisa. Kuku walitaga juu ya kiti cha dereva, na majani yalimea katika sanduku la nyuma.

Sisi Waluguru, kama mjuavyo, ukoo wetu hufuata upande wa mama, na mali ya mjomba hutazamwa na wapwa. Basi tuliketi kikao. Wengi walisema, "Na iuzwe chuma chakavu kwa kilo, tugawane." Mkaza mjomba alikuwa ameketi mkekani, kimya. Kisha akanena, "Wanangu, ninyi mnaona chuma. Mimi naona karo ya binti yangu wa mwisho. Mkiigawana kwa kilo, kila mmoja wenu atapata fedha ya kula siku mbili, nami nitabaki na kivuli cha mwembe."

Maneno hayo yalituchoma. Nikasimama nikasema kwamba nitaifufua motakaa ile kwa miezi sita, nisitumie zaidi ya shilingi 300,000 kila mwezi, yaani 1,800,000 kwa jumla, na faida ya mwaka wa kwanza iwe ya yule binti. Wakakubali, wengine kwa kucheka. Siku ile ile nikanunua daftari, maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya spana kugusa nati, tulitazama karatasi. Motakaa ya marehemu haina budi kupitia mikononi mwa msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama, kisha kadi ibadilishwe jina katika ofisi ya mapato. Atakayetengeneza kwanza na kuuliza karatasi baadaye huenda akamtengenezea mwenzake.

Pili, tulipima kama inastahili kufufuliwa. Sikilizeni sababu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa watu huko Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Wakati huo, baada ya vita, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, basi waundaji wakatumia madini ya alumini kwa bodi. Alumini haili kutu kama chuma, na ndiyo sababu motakaa iliyonyeshewa miaka tisa bado ilikuwa na sura ya motakaa. Lakini msidanganywe na sura hiyo! Chesisi iliyo chini ni ya chuma, nayo huliwa na kutu toka ndani kimya kimya. Tena mahali alumini inapogusana na chuma pakiwa na unyevu, alumini yenyewe huharibika na kuwa unga mweupe.

Fundi wetu, mzee wa karakana ndogo kando ya barabara ya Dodoma, alichukua nyundo akalala chini, akaigonga chesisi kutoka mbele hata nyuma. Mahali pazima palilia kama kengele. Palipooza palilia kama boga. Akapata mahali pawili pa kukata na kuchomelea bamba jipya, yote nyuma. Akasema, "Mwalimu, ingalikuwa imeoza katikati, ningalikushauri ukaiuze kwa kilo." Nami nawaambieni vivyo hivyo: si kila kilichokufa hufaa kufufuliwa. Pimeni kwanza. Nyundo haikugharimu hata senti.

Ilipopatikana kuwa yafaa, tukaanza na injini. Ni ya petroli, silinda 4, ujazo wa sentimeta 2,286. Vijana walitaka kufunga betri na kupiga stata pale pale. Fundi akawakataza vikali. Injini iliyolala miaka mingi, ringi za pistoni hushikana na silinda. Ukiilazimisha, huvunja au hukwaruza. Akafungua plagi zote nne, akatia oili kidogo katika kila tundu, akatuamuru twende zetu. Siku ya nne akatia hendeli mbele, akazungusha kwa mkono, taratibu. Ilikataa, ikasogea kidogo, kisha ikazunguka. Mkaza mjomba alipiga kigelegele!

Halafu tulimwaga oili yote ya zamani, iliyokuwa nyeusi kama lami. Injini hii huchukua lita 6 na kitu kidogo cha kujaza chujio. Gia boksi na difu zote mbili nazo zikamwagwa, zikatiwa oili nzito. Tangi lililo chini ya kiti tuliliteremsha, maana petroli ya zamani huganda ikawa kama gundi, na chini yake hukaa maji na kutu. Kabureta ikafunguliwa na kuoshwa. Platini za kugawia moto zikasuguliwa, na nafasi za valvu zikapimwa, kila moja sehemu 10 za elfu za inchi. Kazi hizi zote zataka subira kuliko fedha. Mwezi wa tatu ulipokwisha, injini iliwaka, ikatoa moshi mweupe na kuku wote wakakimbia.

Mwezi wa nne tulinunua betri na nyaya, kwa kuwa panya walikuwa wamezila. Mwezi wa tano tukanunua tairi. Za zamani zilikuwa na meno mazuri, lakini kandoni zilikuwa na nyufa kama udongo wa kiangazi. Tairi huzeeka hata bila kutembea. Asiyejua hutazama meno tu.

Basi zikabaki shilingi 300,000 za mwezi wa sita, na kazi moja kubwa: breki. Fundi alikuwa amefungua magurudumu, akasugua kutu, akalegeza vilivyoganda, akaongeza mafuta ya breki kidogo. Katika barabara za Kihonda, ambazo ni tambarare, ilisimama vizuri. Lakini akaniambia, "Mwalimu, breki hizi ni za kwendea sokoni. Kwa mlima, mafuta yote yamwagwe, na raba zote za ndani zibadilishwe."

Nami hapa ndipo nilipokosa. Jamaa waliokuwa wakipita walikuwa wakicheka, wakisema, "Mwalimu anafufua sanduku la bati." Nikaona haya. Moyoni nikasema, breki zinashika, rangi haipo. Nikachukua zile fedha nikampa mpaka rangi. Motakaa ikawa ya kijani kibichi, kama enzi za mjomba. Waliocheka wakanyamaza, nami nikatembea nimeinua kichwa.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nyandira kuchukua mzigo wa kwanza. Mkaza mjomba alitaka kuuona kwa macho yake, akaketi kando yangu. Tulipanda vema. Tukapakia kabichi na viazi, tukaanza kushuka kuelekea Mlali. Njia ile waijua wakazi wa Mgeta: mlima upande mmoja, bonde upande wa pili. Nilishuka kwa gia ya tatu, mguu ukiwa juu ya breki karibu safari yote. Baada ya kona kadhaa pedali ikawa laini, kama kukanyaga mgomba. Kona iliyofuata ikazama hata chini, na motakaa haikupunguza mwendo.

Sitawaeleza maneno niliyoyasema. Nilivuta breki ya mkono. Katika Land Rover hizi za zamani breki hiyo haishiki magurudumu, hushika shafti itokayo gia boksi kwenda nyuma. Ilinguruma, ikanuka moto, ikapunguza kidogo. Nikakanyaga klachi, nikavumisha injini, nikasukuma gia ya pili. Ililia kama chuma kinachosagwa, kisha ikaingia, na injini ikatushika. Ndipo nikageuza usukani upande wa mlima, tukakwaruza ukingo wa udongo hata tukasimama. Kabichi zilimwagika njiani. Sisi wawili tulikuwa wazima.

Mkaza mjomba alishuka polepole. Akautazama ubavu wa motakaa uliokwaruzwa, akaupapasa kwa kidole. Akaniuliza, bila ukali, "Rangi nzuri hii, mwanangu. Je, ndiyo iliyotusimamisha?"

Wasomaji wangu, nimepata kukemewa na walimu na wakubwa, lakini halijanipata neno lililoniingia kama lile.

Sikilizeni tena jambo la ajabu. Tulipokwisha kukaa kama saa moja, nilikanyaga pedali, nayo ilikuwa ngumu kama awali! Nikafurahi, nikataka kuendelea. Lakini kwanza nikampigia fundi simu. Akasema, "Usiisogeze hata hatua moja. Huo ndio udanganyifu wake." Akanieleza kwamba mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka. Yakiisha kunyonya maji, huchemka upesi breki zinapopata moto katika mteremko mrefu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea mguuni bila kusukuma kitu. Yakipoa, mvuke hugeuka maji tena na pedali hurudi, hata mteremko unaofuata. Kisha akaongeza kwamba mlima hushukwa kwa gia uliyopandia au ndogo kuliko hiyo, wala si kwa mguu juu ya breki.

Alikuja jioni kwa bodaboda, na mkoba wake na chupa za mafuta mapya. Akamwaga yote ya zamani, yakatoka ya kahawia kama chai. Akarudisha nyuma kijiti chenye kichwa chekundu, kinachotia gia ndogo na kuyapa nguvu magurudumu yote manne, tukashuka usiku kwa mwendo wa mtu atembeaye. Kihonda tukabadilisha raba zote za breki, na mipira inayopitisha mafuta. Fedha ya daftari ilikuwa imekwisha. Nikauza mbuzi wangu wawili, nikamweleza mke wangu sababu, na hiyo nayo haikuwa safari fupi. Katika daftari, mbele ya neno "Rangi", nimeandika: "Kosa langu." Nimelisoma mbele ya kikao cha ukoo, nao hawakucheka.

Sasa motakaa yafanya kazi. Haikututajirisha, maana yanywa petroli sana; kwa lita moja haizidi sana kilometa 6, na kwa mlima ni pungufu. Kwa hiyo haiondoki bila mzigo kamili, wala haitumwi kununua sukari. Leseni ya mizigo na bima tumelipa kabla ya jambo jingine. Treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, nasi twaifurahia. Lakini haipandi Nyandira kufuata kabichi, na huko wazee hawa wa chuma bado wana kazi. Huko Uingereza, motakaa ya mwisho ya uzao ule wa zamani ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, lakini mwezi wa Oktoba 2024 Land Rover nyingi zilikusanyika Arusha katika tamasha lao, za zamani na mpya. Zidumuzo zina watu wanaozitunza.

Na binti? Amevaa sare, yuko shuleni. Alipokwenda kuripoti, sanduku lake lilipakiwa nyuma ya motakaa ile ile, ubavuni ungali na mkwaruzo. Fundi alitaka kuupaka rangi. Mkaza mjomba alikataa, akasema, "Uacheni. Huo unamkumbusha Mwalimu."

Basi, ndugu zangu, nayakusanya maneno yangu. Mwenye fedha ndogo aanze na karatasi, kisha apime kwa nyundo kama kitu chafaa. Yatakayomsimamisha yaje kabla ya yatakayomwendesha, na yatakayomwendesha kabla ya yatakayompamba. Aandike kila senti, hata ile inayomtia haya. Na akiona ufa asingoje kesho, maana asiyeziba ufa hujenga ukuta. Mimi karibu nijenge zaidi ya ukuta.

Mwezi ujao, tukijaliwa, tutazungumza habari za paa la nyumba: bati jipya au kuziba la zamani? Leteni maswali yenu.

Ndimi ndugu yenu wa Kihonda.