"Peke Yangu" ya Mastaa Itatupoteza Porini (Na Mimi Nilidanganya)

Leo sina umbea wa nani kaachana na nani. Nina kitu kimenikaa rohoni tangu mwezi wa sita, na nisipokisema nitakuwa mnafiki.

Kuna dada mmoja wa mjini, jina naliweka kapuni, aliposti picha yuko chini ya maporomoko ya maji, mikono juu, tumbili katulia mtini nyuma yake. Kapsheni: "Mimi, mlima na Mungu wangu. Siku nzima peke yangu." Komenti zikajaa moto na mioyo. Na mimi niliweka mioyo mitatu, sijitoi.

Swali langu ni moja tu. Hiyo picha alipiga nani?

Maana haikuwa selfi. Ilipigwa kwa mbali, miguu yote inaonekana, maji yote yanaonekana, na yeye macho kafumba. Kwa hiyo kulikuwa na mtu. Pengine alikuwepo mpiga picha, mwongozaji, na dereva anasubiri chini na wali wa kuku kwenye hotipoti. Hao wote wamefutwa kwa neno moja: "peke yangu".

Chukua mfano wa Udzungwa kule Morogoro, ambako watu wengi wanaota kupiga picha. Maporomoko ya Sanje yana urefu wa mita 170. Hifadhi ile ipo tangu 1992 na haina barabara za gari za kukupitisha ndani, ni miguu yako tu. Mle msituni kuna tembo, nyati na chui, na njia ya kwenda Sanje unapanda na mwongozaji. Sasa ukiona mtu amesimama pale "peke yake", jua kuna kaka kavaa buti kasimama pembeni, anajua nyoka analala wapi na jiwe gani linateleza. Yeye ndiye sababu huyo staa karudi mzima. Lakini hata jina lake hatajwi.

Mtasema nina wivu. Haya, ngoja nijivue nguo mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Masasi. Nimekua chini ya yale majabali, kila mtoto wa mjini pale ana kovu la kuteleza kwenye mawe. Baada ya kuona ile posti nikasema na mimi naweza. Sina hela ya Udzungwa, nitaenda Newala, Shimo la Mungu. Kama hupajui: ni pale ambapo uwanda wa Makonde unakatika ghafla, unasimama ukingoni, chini unaona bonde lote la Ruvuma, na ng'ambo kule ni Msumbiji. Nguo inapeperuka, roho inapeperuka.

Maporomoko ya maji pale hakuna, tusidanganyane. Juu kule udongo ni wa mchanga, mvua ikinyesha inazama yote, maji yanakuja kutokea huko chini kwenye miteremko. Hiyo itunze, tutairudia.

Nikapanda gari asubuhi, sikumwambia mtu. Nilipofika nikapiga video, halafu nikaona haitoshi, nikaanza kushuka. Njia inaonekana vizuri mwanzoni. Baadaye zinakuwa mbili, halafu tatu, halafu ni vichaka tu na mlio wa kitu usichokijua kwenye majani. Saa kumi na moja jioni maji ya kunywa yameisha, simu ina chaji asilimia 9, mtandao hakuna. Nilianza kusali sala ambazo sikuwa nimesali tangu kipaimara.

Akatokea bibi mmoja na mzigo wa kuni kichwani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Kwenu wapi?"

"Masasi."

"Masasi hawajui kama jua linazama?"

Akanigeuza, akatangulia yeye. Mimi mikono mitupu nahema kama mbwa, yeye ana kuni kichwani anapiga stori. Akaniambia walipokuwa wasichana, kabla bomba halijafika kijijini kwao, hiyo miteremko ndiyo ilikuwa njia ya maji. Wanashuka alfajiri, wanapanda na maji kichwani. Nikamuuliza, bibi, ulikuwa huogopi kwenda peke yako? Akasimama kabisa, akaniangalia.

"Peke yangu? Tulikuwa tunaitana nyumba kwa nyumba. Anayekwenda peke yake nani atamtua mtungi?"

Tulipofika juu kijana mmoja wa bodaboda akatupiga picha, mimi na bibi, jua linazama nyuma yetu. Picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupigwa.

Sasa sikiliza nilichofanya. Usiku nikamkata bibi kwenye picha. Nikabaki mimi tu, jua na bonde. Nikaandika: "Siku yangu, mguu wangu, peke yangu." Ukiangalia vizuri kona ya chini imebaki ncha ya kanga yake. Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza. Mliniita simba jike, nikalala nimefurahi.

Siku nne baadaye msichana akaniandikia inboksi. Kamaliza kidato cha nne mwaka jana. "Dada umenipa moyo, Jumamosi na mimi naenda peke yangu kama wewe. Nyumbani nimesema naenda kwa rafiki."

Wadau, nilitetemeka. Nikampigia hapo hapo, nikamwambia yote: njia zilizopotea, chaji, bibi. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe."

Hiyo "kumbe" ndiyo imeniandikisha haya. Ningechelewa siku moja kusoma meseji, leo ningekuwa naandika kitu kingine kabisa.

Najua kuna kaka zangu wananoa vidole tayari: "Ndiyo maana mwanamke hatakiwi kutembea mwenyewe." Hapana, usinitumie. Mwanamke akitaka kutembea, atembee. Mkaka naye akivunjika mguu kule bondeni, jiwe halimuulizi jinsia. Na pori siyo bustani ya hoteli. Pori la Akiba la Lukwika-Lumesule, kule Nanyumbu kandokando ya huo huo Ruvuma, kuna tembo na viboko, na mnyama hasomi kapsheni.

Ninachokataa ni uongo. Staa akificha mwongozaji wake anafanya mabaya mawili kwa mpigo. Kwanza anamnyima mkate: yule kaka angetajwa tu, wiki ijayo angepata wateja kumi. Pili anatudanganya sisi tusio na hela ya mwongozaji kwamba hahitajiki. Yeye karudi na gari, sisi tunabaki na vichaka.

Kwa hiyo mimi nimejiwekea sheria. Naenda wapi na narudi saa ngapi, mtu mmoja nyumbani anajua. Nikifika namtafuta mwenyeji, na namlipa tukielewana kabla ya kuondoka, siyo "Mungu atakulipa". Mchana ukigeuka na mimi nageuka. Na kwenye posti namtaja mtu aliyenisaidia, akiridhia. Ukitaka kweli kuwa peke yako, kaa mbele yake hatua hamsini, uwaze maisha yako. Hatakusumbua.

Ile posti nimeifuta. Picha nzima siiweki kwanza. Mara ya kwanza sikumuomba bibi ruhusa, wala sikumwachia hata ya sabuni, nilikuwa na haraka ya kuwahi gari. Wiki ijayo narudi Newala na kilo mbili za sukari na ile picha imesafishwa studio. Akikubali mtamuona. Akikataa, basi itakaa ukutani kwake, mtaniamini hivyo hivyo.

Na wewe dada wa maporomoko, najua unanisoma. Hatukuchukii. Tuambie tu yule kaka wa buti anaitwa nani.