Benki zilipofungwa Goma: kijana aweke akiba wapi?

Mwishoni mwa Januari 2025, vita ilipoingia ndani ya Goma na M23 kushika mji, benki zilifunga milango. Mwezi wa Aprili mwaka huo CADECO ilifunguliwa tena chini ya wenye kushika mji, lakini wenye akaunti katika benki nyingine walibaki bila njia ya kupata fedha zao hapa. Wengine walivuka mpaka kwenda Gisenyi kutafuta fedha taslimu. Wengine walitegemea pesa za simu, wakikatwa sehemu kila walipotoa.

Katika hali hiyo vijana wetu wanatuuliza: tutajitegemea namna gani? Muuza nguo wa Birere, dereva wa moto, dada anayevusha nyanya mpakani, kila jioni wana faranga chache mkononi, na nyumbani kuna kodi na ndugu waliokimbia vita. Tusiwajibu kwa mahubiri ya utajiri wa ghafla. Wala tusiwaambie tu kwamba mali ni majaribu. Kijana asiye na akiba hata kidogo ni vigumu kwake kukataa bunduki anapopewa kama kazi.

Jibu moja tunalo tayari katika parokia nyingi: AVEC, vyama vya akiba na mikopo. Mfumo huu ulianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na unafanana na likelemba ya wazee wetu, ila hapa kuna mikopo na kuna daftari. Watu kama 15 hadi 25 wanaojuana wanakutana, na kila mmoja ananunua hisa moja hadi tano. Fedha zinakopeshwa kwa wanachama na kurudi na faida kidogo. Baada ya mwaka hivi, wote wanagawana kadiri ya hisa zao. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu tofauti.

Katika mji huu mfumo huo unategemea kitu kimoja: uaminifu. Na hapa sisi viongozi tuna la kuungama. Katika parokia moja tuliyoitumikia, tulikopa katika sanduku la vijana ili kumaliza paa la kanisa. Hatukutia sahihi popote. Nani angemkatalia mchungaji? Tulichelewa miezi mingi kurudisha, na mgao wa mwaka haukufanyika kwa wakati. Kijana mmoja alitazamia kununua cherehani kwa mgao ule. Hakuacha kuja ibadani, lakini aliacha kuweka akiba.

Tusome tena 2 Wafalme 12. Fedha za kutengeneza nyumba ya Bwana zilipitia mikononi mwa makuhani, na mpaka mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi mabomoko yalikuwa hayajatengenezwa. Ndipo Yehoyada kuhani alipotoboa tundu katika kifuniko cha sanduku, na fedha zikahesabiwa na kuhani mkuu pamoja na mwandishi wa mfalme. Ona kwamba kuhani mwenyewe ndiye aliyeweka sanduku, naye hakuhesabu peke yake. Paulo naye, katika 2 Wakorintho 8, hakutaka kubeba sadaka bila wenzake.

Wazee wetu wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa hiyo tunaomba parokia zetu mambo matatu. Kwanza, mchungaji na wazee wasishike ufunguo wala wasikope katika sanduku la vijana. Pili, hesabu isomwe kwa sauti kila mkutano, mbele ya wote. Tatu, fedha zisilale nyingi sandukuni, kwa sababu tumeona uporaji, na tumeona wenye funguo wakitawanyika kwa kukimbia. Zikopeshwe haraka, zifanye kazi sokoni, na kila mwanachama awe na kitabu chake mwenyewe.

Na parokia iliyokopa kwa vijana ikawa haijalipa, ilipe kabla ya kuanza ujenzi mwingine. Sisi tulilipa tukiwa tumechelewa. Cherehani ilinunuliwa mwaka uliofuata, lakini imani ya yule kijana kwetu ilichukua muda mrefu zaidi kurudi.