Mama Naye Awe Mgeni

Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya jambo ambalo baadhi yetu huliona kuwa ni la wenye fedha tu, au hata kuwa ni la kidunia: kulala hotelini. Hatusemi juu ya gesti ya safarini, ambamo mtu hulala kwa sababu basi limeharibika njiani. Tunasema juu ya zile hoteli ndogo nzuri za mijini, zenye vyumba vichache vilivyopambwa kwa ustadi, ambako mume na mke huenda kwa makusudi kupumzika siku mbili, labda kwa kuadhimisha miaka ya ndoa yao.

Tunaliandika jambo hili kwa sababu tumekuwa tukiulizwa na akina mama kanisani. Mume amemwambia mkewe, "Mwaka huu twende mahali tukapumzike." Mama, badala ya kufurahi, anakosa usingizi. Anahesabu ada ya shule, anawaza nani atawapikia watoto, anajiuliza kama Mkristo anaweza kutumia fedha hivyo na dhamiri yake ikatulia. Wengine huenda, lakini hukaa huko kama mtu aliyeiba. Basi na tuliangalie taratibu.

HOTELI HIZI NI ZA NAMNA GANI?

Wenye biashara huziita hoteli za butiki. Butiki ni neno la Kifaransa, maana yake duka dogo. Duka kubwa huuza kila kitu kwa kila mtu. Duka dogo lina vitu vichache vilivyochaguliwa, na mwenye duka humjua mteja wake.

Jambo la kutufurahisha ni kwamba wanawake walikuwa mstari wa mbele katika kuzianzisha. Huko London, mwaka 1978, Anouska Hempel alifungua hoteli ya Blakes na kuipamba mwenyewe. Mwaka 1984, New York, wafanyabiashara Ian Schrager na Steve Rubell walifungua hoteli ya Morgans, na kazi ya kuipamba wakampa mama mmoja wa Kifaransa, Andrée Putman. Fedha alizopewa hazikuwa nyingi. Basi bafuni akaweka vigae vya kawaida, vyeusi na vyeupe, vikipishana kama ubao wa drafti. Hoteli hiyo ilifungwa mwaka 2017, lakini vigae vile vilipata sifa kubwa, na mtindo wake umeigwa katika miji mingi ya dunia. Kumbe uzuri ule haukutoka katika wingi wa fedha. Ulitoka katika kufikiri.

Kwetu Tanzania, mahali panapofahamika sana kwa hoteli za namna hii ni Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Mmarekani Emerson Skeens, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuyageuza majumba ya kale ya huko kuwa hoteli ndogo. Ni nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene na milango ya nakshi. Kila chumba kina sura yake: hapa kitanda cha kuchongwa chenye nguzo nne, pale dirisha la vioo vya rangi. Vichochoro ni vyembamba hata gari haliingii, hivyo mizigo hubebwa kwa mkono au kwa mkokoteni hadi mlangoni. Jioni wageni hupanda darini kupata upepo wa bahari na kusikia adhana kutoka misikiti ya jirani.

MGENI HULIPIA NINI HASA?

Mtu akikuuliza, utasema analipia kitanda na chai ya asubuhi. Lakini kitanda kiko pia katika gesti ya bei ndogo. Kinachouzwa hapa ni kitu kingine.

Tuliwahi kulala siku mbili katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe. Siku ya kwanza, kwa uchovu wa safari, miguu ilikuwa imevimba kidogo. Kwa mazoea ya kazi yetu ya uuguzi tukachukua mto wa ziada na kuinua miguu. Asubuhi tukauacha mto pale miguuni, tukatoka. Tuliporudi, dada aliyesafisha chumba alikuwa ametandika kitanda upya, na miguuni ameweka mito miwili mahali pale pale. Hakuna aliyemwagiza. Alitazama, akaelewa, akatenda. Miaka imepita, rangi ya mapazia ya chumba kile hatuikumbuki, lakini ile mito tunaikumbuka.

Tumelala pia katika hoteli nyingine ya mjini, jengo kubwa la kung'aa, marumaru hadi kwenye ngazi. Siku mbili nzima hakuna aliyetuita kwa jina wala kutuuliza tumeamkaje. Kila kitu kilikuwapo, ila mwenyeji hakuwapo.

Basi mgeni hulipia kuangaliwa. Hulipia mtu aliyemfikiria kabla hajafika. Na jambo hili si geni katika Neno la Mungu. Someni 2 Wafalme sura ya 4, kuanzia mstari wa 8. Mwanamke wa Shunemu alimwona Elisha akipita njia ile mara kwa mara, akazungumza na mumewe, wakamjengea chumba kidogo juu. Ndani yake kulikuwa na vitu vinne tu: kitanda, meza, kiti na taa. Kila kimoja kilijibu haja ya mgeni: alale, aandike, aketi, aone. Mke na mume walikaa, wakafikiri, huyu mtu wa Mungu anahitaji nini?

Tena katika lugha za Ulaya maneno hospitali na hoteli yametoka katika shina moja la Kilatini, lenye maana ya mgeni. Ndiyo maana muuguzi akiingia katika hoteli nzuri hutambua kazi ya ndugu yake: shuka iliyokazwa, kona zilizokunjwa sawasawa, maji karibu na kitanda.

JE, MAMA MKRISTO ANARUHUSIWA KUPUMZIKA?

Katika Marko 6:31 Bwana mwenyewe aliwaita wanafunzi wake waende kando, mahali pasipo na watu, wakapumzike kidogo, kwa maana watu walikuwa wengi hata hawakupata nafasi ya kula. Mama yupi hajui hali hiyo? Wa kwanza kuamka, wa mwisho kulala, na chakula chake amekila amesimama.

Sisi wauguzi tunawaona akina mama hawa wanapofika kwetu wakiwa wameshachoka kupita kiasi: kichwa kinauma, presha imepanda, hasira zi karibu. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Siku mbili za mapumziko hazitamaliza uchovu wa miaka, wala si dawa ya presha. Lakini zaweza kuwa mwanzo wa mazungumzo ambayo nyumbani hukatizwa kila mara na mlango kugongwa. Ndoa nyingi hazina ugomvi, zina ukimya. Mume na mke wamebaki kuzungumza juu ya ada, unga na mafuta ya taa tu.

Kwa hiyo mama, mume wako akikuita, nenda, na ukifika kubali kuhudumiwa. Usikimbilie kuosha vikombe. Usitandike kitanda kwa aibu. Anayetoa kila siku bila kupokea husahau jinsi anayepokea anavyojisikia.

Lakini tunaonya jambo moja: msikope. Fedha ya kikundi, fedha ya ada, fedha ya matibabu, hizo si za hoteli. Wekeni kidogo kidogo, hata kwa miaka miwili. Ulizeni bei ya wananchi, maana hoteli nyingi zinayo. Tena msimu wa mvua za masika, hasa Aprili na Mei, bei hushuka, ingawa hoteli nyingine hufunga kwa ukarabati. Pumziko la deni si pumziko.

MAMBO YA KUANGALIA

Kwa kuwa uzuri wa chumba waweza kumsahaulisha mtu usalama wake, tunawapa mashauri machache.

1. Ngazi. Majumba ya kale hayana lifti, na ngazi zake ni za kupanda kama mlima. Mama mjamzito, au mwenye magoti mabovu au ugonjwa wa moyo, aombe chumba cha chini kabla ya kulipa.

2. Chandarua. Kitazameni kama kina tundu na kama kinaingia chini ya godoro. Chandarua cha pambo hakizuii malaria.

3. Kunguni. Inueni shuka, mtazame mishono ya godoro. Mkiona vidoa vyeusi au wadudu, ombeni chumba kingine. Mkoba usiwekwe kitandani.

4. Maji. Chumba kikiwa kimekaa siku nyingi bila mtu, fungueni bomba la maji ya moto yatiririke dakika chache kabla ya kuoga, na msisimame karibu na mvuke wake. Mwaka 1976, katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia, Marekani, watu zaidi ya 180 waliohudhuria mkutano waliugua homa ya mapafu, na 29 wakafariki. Chanzo kilikuwa bakteria ambaye hapo awali hakujulikana, aishiye katika maji na kuingia mapafuni kwa njia ya matone madogo yarukayo hewani.

5. Njia ya kutokea. Kabla ya kulala, jueni mtatokea wapi moto ukizuka, na ufunguo uwekwe mahali pamoja panapofahamika.

6. Dawa. Mwenye presha au kisukari asiache dawa nyumbani kwa kusema "ni siku mbili tu."

7. Heshima ya mji. Mkiwa Mji Mkongwe, funikeni mabega na magoti mnapotembea mitaani. Na ikiwa ni Jumapili, nendeni mkasali. Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Kuketi kimya mle ndani, mke na mume, ni jambo ambalo hamtalisahau.

YULE ANAYETANDIKA KITANDA

Hapa ndipo tunapopimwa. Dada anayesafisha vyumba huinua magodoro mazito, huinama bafuni, hushika dawa kali za kusafishia, siku nzima. Mara nyingi naye ni mama, na ameacha watoto kwa jirani ili aje kukutandikia wewe. Ni jambo la kusikitisha kuona mke wa mchungaji au mzee wa kanisa akimwita kwa kupiga vidole.

Msalimuni, mwulizeni jina lake, mlitumie. Taulo chafu ziwekeni pamoja. Pedi na vitu vya faragha vifungwe katika karatasi kabla ya kutupwa. Kama mna bakshishi, iacheni kila asubuhi, si siku ya kuondoka tu, kwa maana wahudumu hupishana zamu, na aliyewatumikia jana huenda kesho hayupo. Na mkiona amefanya vizuri, mwambieni mkuu wake. Neno hilo laweza kumsaidia kuliko noti.

MKISHARUDI NYUMBANI

Kwanza, mama, usimsimange mume wako: "Kule walikuwa wakinipokea mkoba, wewe hata karibu husemi." Neno hilo litaharibu siku mbili na miaka inayofuata. Afadhali uanze wewe kumpokea, naye atajifunza.

Pili, mrudi na ile roho ya kufikiria. Kwa wale ambao hoteli haiwezekani, na ndio wengi wetu, hapa ndipo baraka yenu ilipo. Mwanamke wa Shunemu hakuhitaji marumaru. Mgeni wako akitoka kijijini, hata kama analala na watoto, mpatie shuka safi, maji ya kuoga ya moto, mahali pa kutundika nguo na tochi karibu na kichwa. Vitu vinne. Mwonyeshe choo kabla hajauliza. Mama mkwe mwenye miguu inayouma mwekee mto wa kuinulia, usingoje alalamike. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, nasi tumeona ya kuwa nyumba inayojua kumpokea mgeni, watoto wake hukua wakijua kuwatazama watu.

Tatu, akina baba na watoto wakubwa nao wafundishwe. Siku moja katika mwezi, mama awe mgeni katika nyumba yake mwenyewe. Chai iletwe mezani, kitanda kitandikwe na mwingine, na mtu amwulize kwa jina lake, si kwa jina la mtoto, ameamkaje. Gharama yake ni ndogo, wala haihitaji boti wala ndege.

Bwana awape nyumba zenye pumziko. Tuonane mwezi ujao, Mungu akipenda.